Kizibao cha Mtu Mwenye Tumbo Kama Langu

Jumapili, 7 Julai

Nimeamua. Nanunua kizibao. Si kile chembamba cha kuvalia suti ya arusi. Nataka kile kinene kisicho na mikono, kilichojazwa ndani na kushonwa vyumba vyumba kama godoro, zipu mbele, kola ya kusimama. Vazi la mtu asiyevaa tai kwa sababu hana wa kumwogopa.

Chanzo ni Bwana Zipu. Hilo nimempa mimi, si jina lake. Ni baba wa kijana anayetaka kumuoa binti yangu. Walipokuja kwetu mara ya kwanza alivaa kizibao cha namna hiyo, cha bluu iliyokolea, na kila alipotaka kusema neno alishusha zipu kidogo, akaipandisha, ndipo akasema. Watu wazima walikaa kimya wakiingoja zipu itulie. Mimi nilikuwa ndani ya koti langu la kijivu lililokosa kifungo. Shangazi yake yule kijana akaniomba nilete kiti kingine, kisha nikamwite mwenye nyumba. Nikaleta kiti. Nikamwambia mwenye nyumba ndiye mimi. Akacheka sana, akasema mimi ni mcheshi.

Jumamosi wanarudi kumaliza mazungumzo. Leo jikoni binti alinishika mkono, akaniambia, Baba, safari hii usiniharibie. Nikauliza niliharibu nini. Akasema nilimhoji mgeni kwa nini mwanawe ana haraka ya kuoa, nikarudia swali hilo mpaka chai ikapoa, na kwamba nilionekana mlangoni nikikagua soli za viatu vyao. Kweli nilikagua. Soli husema mengi. Lakini machozi yalikuwa yanamlengalenga, na binti ninaye mmoja tu. Anampenda yule kijana, hilo halina mjadala. Wale watu wakiondoka Jumamosi wakiwa wamenuna, ndiyo basi tena. Nikamwahidi kuwa nitakuwa baba wa kuheshimika.

Mke wangu sijamwambia habari za kizibao. Siku hizi ana mambo yake. Mchana nilijilaza kwenye kochi baada ya kula, nikafumbua macho nikamkuta amenisimamia kichwani, mkono mmoja kauficha mgongoni. Nikamuuliza ameshika nini. Inzi, akasema. Sijawahi kuona mtu anamshikia inzi mgongoni.

Jumatatu, 8 Julai

Mimi ni mtunza ghala la magodoro. Kazi ya mtunza ghala ni kushuku, nalipwa kwa hilo. Godoro nalijua kwa ngumi moja. Ukilipiga libonyee, kisha lirudi taratibu. Lisiporudi, ndani ni matambara. Likirudi upesi mno, kuna kitu linaficha. Sioni kwa nini vizibao viwe tofauti.

Jioni nikapita madukani na Shemeji. Huyu ni mdogo wake mke wangu, aliyekuja kwetu kwa wiki moja na sasa ana ufunguo wake. Anauza nguo sokoni, kwa hiyo anajua vitambaa. Nilimchukua kwa sababu ya ujuzi, si kwa sababu namwamini.

Duka la kwanza nikakiona kimoja cha kijani kibichi, kizuri. Nikakipiga ngumi. Muuzaji akauliza kimenikosea nini. Shemeji akasogea upande wa soksi kama hatujuani. Kilibonyea, kikarudi vizuri tu. Mimi nimeridhika, Shemeji ndiye akarudi mbio na kusema zipu yake ya plastiki, itang'oka meno. Duka la pili kulikuwa na cheusi, zipu ya chuma, mishono imenyooka, bitana laini. Shemeji akasema kola imelala. Nikamwonyesha kwamba imesimama. Akasema leo imesimama, lakini italala. Duka la tatu hata hakukigusa. Alisema anakisikia harufu.

Nimerudi mkono mtupu, na swali kichwani. Shemeji anayenishauri kila mwaka ninunue nguo mpya, leo ananizuia. Kwa nini hataki nipate kizibao?

Jibu nikalipata kabla sijavua viatu. Mke wangu alikuwa uani anaongea na simu, kapunguza sauti. Nikajitia nafunga kamba ya kiatu. Alisema hivi, nanukuu neno kwa neno, "Nimempima jana akiwa amelala, fundi, wala hakushtuka. Kifua hicho hicho, ila tumbo ongeza. Fanya haraka, isipite Ijumaa."

Nilipoingia akakata simu. Akaniuliza siku imekwendaje. Kwa upole.

Jumanne, 9 Julai

Sikulala. Nilikaa chonjo, nimejikunja ili nisipimike.

Nimelipanga hivi. Mafundi wako wa kila aina. Fundi bomba hapimi mtu. Fundi wa gari hapimi mtu. Fundi cherehani anapima, lakini yeye anataka usimame wima, mikono pembeni, usipumue. Fundi anayetaka vipimo vya mtu aliyelala ni mmoja tu. Seremala. Na kitu ambacho seremala anamtengenezea mtu aliyelala, nakijua, na hakina zipu.

Isipite Ijumaa, kasema. Yaani Jumamosi wageni wakija, mimi sipo. Atakayekaa kwenye kiti changu ni nani? Shemeji. Ndiyo maana hataki nitupe pesa kwenye kizibao.

Wakati wa mapumziko nikaenda kwa seremala wa nyuma ya ghala, nikajifanya mpita njia. Nikamuuliza kama wiki hii amepokea oda yoyote ya lile sanduku, kifua cha kawaida, tumbo limeongezwa. Akavua kofia yake na kunipa pole. Akauliza marehemu ni nani wangu. Nikasema naulizia tu. Akasema wengi wanaanza hivyo, ni uchungu, nikae kwanza. Akaniletea maji. Akauliza marehemu alikuwa na urefu gani. Nikasema ana urefu kama wangu. Na upana? Kama wangu. Basi akachukua futi yake, akanipima mabega kwa heshima zote, na mimi nikasimama pale nimebung'aa. Nilipopata akili nikakimbia. Akanipigia kelele kwamba mbao nzuri zinakwisha.

Kwa hiyo si huyo. Atakuwa seremala mwingine.

Nimerudi nyumbani, mke wangu kanipikia chakula ninachokipenda. Nimemwachia Shemeji aonje kwanza. Ameonja sahani nzima.

Jumatano, 10 Julai

Bado niko hai. Nimeona nikifa nife nimevaa vizuri, na nikipona nitakihitaji Jumamosi. Vyovyote vile, kizibao lazima.

Safari hii nikaenda peke yangu, nisiwe na mtu wa kunisikilizia harufu. Kwenye kona ya stendi kuna mchuuzi mwenye maneno matamu. Alinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa mpaka nikateleza. Akaniita mkurugenzi. Alisema ndani ya kizibao chake kuna manyoya ya bata, ya shingoni tu, yale laini. Nikakipiga ngumi. Kikabonyea. Kikarudi. Nikavuta zipu, ikapanda na kushuka kama maji. Nikamuuliza kwa nini anauza rahisi. Akasema amenipenda. Hapo ningeshuku, nakiri, lakini alikuwa ameniita mkurugenzi.

Nikakivaa hapo hapo. Nikatembea kurudi nyumbani kifua mbele. Mtaani kwetu nikaona watu wananitazama, nikajua heshima imeanza. Mama muuza mboga akaniuliza mzigo wa nani ule. Nikajiangalia. Kumbe vyumba vya juu vyote vimekuwa vitupu. Ujazo wote umeporomoka, umekusanyika kiunoni, mduara mzima. Mishono ilikuwa ya kuchorwa kwa juu tu, haikufika ndani. Nilikuwa nimevaa boya.

Nyumbani nikapasua pindo kwa kisu. Si bata, wala kuku. Ni nyuzi, vipande vya soksi, na kibandiko cha mfuko wa sabuni. Mimi, mtunza ghala, nimeuziwa matambara.

Shemeji alipita, akaona vile vipande vimetapakaa sakafuni, akaanza kucheka, kisha akajizuia. Mtu anayejizuia kucheka anajua jambo. Aliniambia nisihangaike, nitulie, Jumamosi mambo yatakuwa mazuri. Kauli hiyo nimeigeuza huku na huku. Yatakuwa mazuri kwa nani?

Alhamisi, 11 Julai

Yote niliyoyaandika kuhusu sanduku yafutwe. Ni baya zaidi.

Asubuhi mke wangu alipotoka nikapekua kabati. Nilikuwa natafuta kichupa cha sumu, risiti ya seremala, chochote. Chini ya mablanketi, ndani ya foronya, nikagusa kitu laini. Nikakitoa. Kizibao.

Ni kizibao hasa. Cha rangi ya kahawa, zipu ya chuma nzito, kola imesimama kama askari. Nilikipiga ngumi na kikabonyea, kikarudi taratibu, kwa adabu. Nikakishika kwa pindo nikakitikisa kama naua nyoka, ujazo haukusogea hata kidogo, kila chumba kimeshika chake. Bitana ya hariri. Mifuko miwili nje na mmoja wa siri ndani, kwa upande wa moyo. Mishono midogo, imekaa sawa sawa, ya mtu aliyejituma. Sijaona kitu kizuri hivyo dukani kokote.

Kwa hiyo si changu.

Nikakijaribu. Kilinikaa sawasawa, kifua, mabega, na tumboni kilikuwa na nafasi ya kutosha. Nikakaa kitandani. Maana yake jamaa ana umbo kama langu, na tumbo kama langu. Mke wangu hajabadili hata ladha.

Sasa kila kitu kimekaa mahali pake. Kuna bwana. Mke wangu kampima bwana huyo akiwa amelala, jana yake, Jumapili. Jumapili mimi mwenyewe nilikuwa kwenye kochi, nimelala, nisione lolote. Na Shemeji ni mjumbe wao. Ijumaa kizibao kinakabidhiwa, Jumamosi bwana anapita kwetu amekivaa, ananikejeli machoni pangu.

Wanaume wenye matumbo ninaowajua ni hawa: mwenye duka la pembeni, mwalimu mstaafu wa mtaa wa juu, yule fundi cherehani mwenye sauti nzito ambaye mke wangu humpelekea magauni, na Bwana Zipu. Mwingine simkumbuki.

Sikupiga kelele. Mtu wa kupiga kelele hamnasi mtu. Nimetafakari kazini siku nzima, na wazo likanijia nilipotazama uzio wa nyuma ya ghala. Kule kumeota upupu. Mlinzi anatukataza kila siku tusiusogelee. Nikavaa mfuko wa nailoni wa godoro mkononi, nikachuma maganda yake, nikayakwangua manyoya yote ndani ya kopo la maziwa. Kwa bahati mbaya sikio likaniwasha kidogo, nikalikuna kwa mkono ule ule. Nimefanya kazi jioni nzima kichwa kimeegemea nondo ya baridi.

Nilipofika nyumbani, mke wangu akiwa bafuni, nikakitoa kizibao, nikanyunyiza. Kola kwa ndani. Kwapani. Mgongoni kote. Nikausugua upupu kwa brashi ya viatu mpaka ukazama kwenye bitana, hauonekani kabisa. Nikakirudisha kwenye foronya.

Sasa nangoja. Sihitaji kumuuliza mtu swali. Atakayejikuna, ndiye.

Ijumaa, 12 Julai

Siku ya kuchunguza. Nimeomba ruhusa kazini, nimesema naumwa sikio, na haikuwa uongo.

Nilianza na mwenye duka. Nikasimama mbele yake nikinunua kiberiti kwa mwendo wa kobe. Alijikuna kidevu. Nikaandika. Nikaenda kwa mwalimu mstaafu, alikuwa barazani anasoma gazeti, akajikuna goti, kisha kisogo. Nikaandika. Kwa fundi cherehani nikajificha nyuma ya mlango wa duka jirani. Huyu alijikuna shingo, akajikuna mkono, akajikuna mgongo kwa rula. Nikaandika na kupigia mstari. Nikiwa narudi nikamwona mlinzi mmoja, msukuma mkokoteni, wanawake kisimani, wote wanajikuna. Sikuwahi kujua kwamba binadamu anajikuna hivi. Mchana kutwa ni kucha tu.

Nilipofika nyumbani nikakimbilia kabati. Foronya iko vile vile, kizibao hakijaondoka. Kwa hiyo hakuna aliyekivaa, na wote wale wanajikuna kwa sababu zao. Nimepoteza siku.

Binti alinipigia pasi shati jeupe. Koti la kijivu amelishona kifungo, si cha rangi yake, lakini kimekaa. Aliniambia ameota kwamba kesho wageni wamesimama na kuondoka katikati ya chai, na mimi nawakimbiza na soli zao mikononi. Hakuwa anatania. Nilitaka kumwambia kwamba mamake ana bwana, nikaona nimwache aolewe kwanza.

Jumamosi, 13 Julai

Naandika nikiwa kwenye beseni la maji. Daftari nimeliweka juu ya ndoo. Herufi zikiwa mbaya, ndiyo sababu.

Wageni walifika saa kumi. Bwana Zipu na kizibao chake cha bluu, mkewe, kijana, na yule shangazi, ambaye safari hii alinisalimia kabla ya kuniagiza kiti. Nilikaa. Sikuuliza swali hata moja. Soli sikuzitazama, ingawa ya kijana imeliwa upande mmoja na hilo lina maana yake. Nilimkodolea macho Bwana Zipu tu, nione kama atajikuna. Alikuwa mkavu. Naye alinitazama kwa ubaridi. Mazungumzo yakawa mazito. Mkewe akasema mara mbili kwamba mambo haya hayana haraka, labda tuache kwanza. Binti alikuwa anakunja na kukunjua pindo la kanga yake.

Hapo mke wangu akasimama. Akasema kabla hatujaendelea ana neno. Akaingia chumbani, akarudi na foronya.

Nikasema moyoni, anakikabidhi kwa mwenyewe, hadharani, mbele ya mtoto.

Akasema kwamba siku ile ya kwanza mumewe alidhaniwa mtumishi ndani ya nyumba yake mwenyewe, na tangu siku hiyo yeye hakupata usingizi mzuri. Kwamba mumewe ni mgumu, ana maneno, lakini ndiye aliyeijenga nyumba hii. Kwamba alimwendea fundi cherehani, na kwa vile mumewe hapimiki akiwa macho, maana anamuuliza mtu kwa nini unanipima, akampima akiwa amelala kwenye kochi. Nusura akamatwe. Akamtuma mdogo wake amzuie asinunue kingine. Kisha akakitoa, akakikunjua, na kusema, "Baba Binti, simama uvae."

Wakapiga makofi wote. Shemeji alipiga mluzi.

Mimi nikabaki nimekaa. Nilimwona mke wangu, jinsi alivyokishika kwa pembe mbili kama mtu anayemvika mtoto. Nikauona mfuko wa siri upande wa moyo. Nikaiona pia kola, na mimi peke yangu ndani ya chumba kile nilijua kola ile ina nini. Nikasema ni kizuri mno, nitakivaa siku nyingine, leo kuna joto. Kulikuwa na baridi. Mke wangu mikono ikamshuka taratibu. Mke wa Bwana Zipu akamtazama mumewe. Binti akafumba macho.

Ndipo Bwana Zipu akainuka. Akakigusa, akakisifu kwa dhati, akasema kazi hii ni ya mtu anayejua, na kwamba chake ukikilinganisha na hiki ni cha kufutia gari. Akavua chake. Akasema, "Mzazi mwenzangu, kama wewe unaona joto, hebu nikijaribu mimi nione, na mimi nikamwambie fundi." Akakichukua. Akaingiza mkono mmoja.

Hapo niliona yote. Nilimwona anaruka, nikamwona anatupa kizibao, nikasikia shangazi analia uchawi, uchawi, nikaona gari lao linatoka getini, na binti yangu amesimama barazani na kanga yake, siku zote. Mwili wenyewe ukanyanyuka. Nikamnyang'anya. Kwa nguvu, nafikiri nilimsukuma. Nikasema kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua, kwamba hiki nimeshoneshewa na mke wangu, na hakuna atakayekivaa ila mimi. Nikavua koti. Nikakivaa. Nikapandisha zipu mpaka kidevuni.

Sitaeleza. Mwanzo ulikuwa kwapani, ukapanda shingoni, ukashuka mgongoni kama siafu waliopewa ramani. Nikakaa juu ya mikono yangu yote miwili. Nikang'ata meno. Nilijua nikijikuna mara moja tu sitaweza kuacha, na wataona, na watauliza. Wakazungumza arusi, mimi naitikia kwa kichwa. Wakazungumza wapi vijana watakaa, na kama binti ataacha kazi yake akiolewa, mimi naitikia. Machozi yakaanza kunitoka. Yalitiririka yenyewe, moja kwa moja mpaka kwenye kola, na yalipofika huko hali ikawa mbaya zaidi. Nilikuwa natetemeka. Nikasikia sauti inatoka kooni mwangu ambayo si neno.

Bwana Zipu akanigeukia katikati ya sentensi. Akasema, na yeye macho yamemlowa, kwamba siku zote alidhani mimi siwataki, kwamba maswali yangu yalimuudhi, alikuja leo akiwa nusu ameamua kuvunja. Sasa ameelewa. Mtu anayelia hivi kwa sababu binti yake anaondoka, huyo ndiye wa kuunga naye ukoo. Akasema kwa upande wao wamekubali yote, na binti akitaka kuendelea na kazi yake na aendelee, hakuna wa kumkataza. Mkewe akapiga vigelegele. Binti akanijia mbio na kupiga magoti, akaniwekea kichwa mapajani, akasema, Baba, sikujua. Nikamwambia nami sikujua, na nilimaanisha.

Kisha Bwana Zipu akanikumbatia. Kwa nguvu, shingo kwa shingo, muda mrefu, akinipapasa mgongo.

Nikawasindikiza mpaka getini. Niliona kabla gari halijakunja kona Bwana Zipu ameanza kujikuna. Nilipita jikoni kama risasi, nikaingia humu bafuni, na humu nipo. Mke wangu amegonga mlango mara kadhaa. Anasema hajawahi kuniona nikilia tangu tuoane, na kwamba leo nimempendeza kuliko siku ya arusi yetu. Nimemwambia natoka sasa hivi.

Jumapili, 14 Julai

Uvimbe umepungua. Nimejifikiria sana, na nimeona nilikosea. Ningepunguza upupu, niweke kwenye kola tu.

Mke wangu amekifua kizibao asubuhi, na sasa mikono inamuwasha. Analaumu kitambaa. Anasema atakwenda kumgombeza fundi cherehani, nami nimemuunga mkono, maana mtu anayejikuna mgongo kwa rula hawezi kuwa msafi. Kizibao kiko kwenye kamba, kinapendeza hata kikiwa kimelowa. Nimempa asante. Nimempa kweli, kwa mdomo wangu, na akafurahi mpaka akaimba akianika.

Lakini liko jambo. Bwana Zipu amepiga simu. Anasema jana alipata mwasho wa ajabu, amelala na tope la majivu mwilini, anauliza kama nasi tumepata, au ni wadudu wa barabarani. Nikasema sisi wazima. Nikakata. Kisha nikakaa nikafikiri. Mtego ulikuwa wa atakayejikuna ndiye, na aliyejikuna ni yeye. Sawa, alinikumbatia. Lakini kwa nini anikumbatie muda mrefu vile? Na mtu aliyekuja kuvunja, akabadilika ghafla na kukubali yote mpaka kazi ya binti, anataka nini? Soli ya mwanawe imeliwa upande mmoja. Nilisema.

Na si hilo tu. Sasa hivi, nikiwa nimejilaza kwenye kochi, nimemsikia mke wangu uani na simu, sauti ameipunguza. Kasema, "Miguu nitampima leo hii hii akisinzia. Hapana, fundi, hajui lolote."

Miguu. Kizibao nimeshapata, vipimo vya miguu ni vya nini? Mtu anapimwa miguu ili ijulikane anaweza kufika mbali kiasi gani akikimbia. Na huyu fundi naye ni fundi wa nini?

Kopo la maziwa bado lina nusu. Nimelisogeza chini ya kochi, upande wangu. Leo nalala na viatu.